Teknolojia ya kujifunzia kwa wanafunzi wasioona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vijana wabunifu wa Dodoma

Nina wazo la kifaa cha kuwasaidia wanafunzi wasioona. Nianzie wapi?

Anza darasani, kabla hujanunua hata waya mmoja. Hapa kwetu tuna bahati: Shule ya Wasioona Buigiri iko Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, na zipo shule nyingine za kawaida zenye kitengo cha elimu maalumu. Andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri husika ukieleza unataka kuona nini, kwa siku ngapi, na nani atafuatana nawe. Barua hiyo itashuka kwa Afisa Elimu anayeshughulikia elimu maalumu, kisha kwa mwalimu mkuu. Ukienda moja kwa moja shuleni bila barua, mwalimu mkuu anayekupenda sana bado atalazimika kukurudisha.

Ukishaingia, kaa nyuma ya darasa na uandike mambo mawili tu: mwanafunzi anasubiri nini, na anasubiri kwa muda gani. Mara nyingi utakuta anasubiri maandishi. Mwalimu ameandika ubaoni, wenzake wananakili, yeye anangoja asomewe. Kitabu cha nukta nundu (maandishi ya Braille yanayosomwa kwa vidole) kipo kimoja, wanaokihitaji ni wanane. Kama kifaa chako hakipunguzi kusubiri huko, hata kiwe na akili bandia kiasi gani, kitaishia kabatini.

Kwani ni lazima nitengeneze kifaa? Simu haitoshi?

Mara nyingi inatosha, na tunawasihi vijana waanzie hapo. Simujanja na vishikwambi vingi vya Android vina TalkBack, programu inayosoma kilichopo kwenye skrini. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu, kwa hiyo katika shule nyingi kifaa tayari kipo.

Nenda kwenye Mipangilio, fungua sehemu ya ufikivu (Accessibility), washa TalkBack, na uruhusu njia ya mkato ya kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa takriban sekunde 3. Njia hiyo ya mkato ni muhimu kuliko inavyoonekana. TalkBack ikiwaka, mguso mmoja huchagua tu, kufungua kunahitaji kugusa mara mbili haraka, na kupandisha ukurasa kunahitaji vidole viwili. Mwalimu anayeona akikipokea kishikwambi katika hali hiyo hudhani kimeharibika, na hukizima kabisa. Mfundishe kuwasha na kuzima kabla ya jambo lingine lolote. Kisha pakua sauti ya Kiswahili kwenye mipangilio ya usomaji wa maandishi ukiwa kwenye intaneti nzuri mjini, kwa sababu isipopakuliwa, Kiswahili kitasomwa kwa matamshi ya Kiingereza na hakuna mtoto atakayeelewa.

Kwa kompyuta za Windows ipo NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Inaweza kukaa kwenye flashi na kufanya kazi bila kusakinishwa. Inakuja na eSpeak NG, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, ambayo ina sauti ya Kiswahili. Bonyeza Insert+Ctrl+V, chagua Kiswahili, na uanze na kasi ndogo. Sauti yake ni kavu, na mgeni huichukia siku ya kwanza. Wanafunzi waliokwisha kuizoea huisukuma hadi kasi ambayo anayeona hafuati, na hapo ndipo inapoizidi sauti tamu isiyokwenda haraka.

Mbona programu inasoma Kiswahili vibaya hata baada ya kuweka sauti sahihi?

Karibu kila mara tatizo liko kwenye maandishi, wala si kwenye sauti. Haya ndiyo tunayokutana nayo zaidi.

Alama ya ng'. Word hubadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na baadhi ya programu huichukulia iliyopinda kama mwisho wa nukuu. "Ng'ombe" inagawanyika vipande viwili. Zima ubadilishaji huo wa alama, au fanya tafuta-na-badilisha kwenye faili zima kabla ya kulitoa.

Vifupisho. "N.k.", "k.m.", "Uk." na "Sh." husomwa herufi moja moja au hurukwa. Viandike kwa kirefu. Fanya hivyo pia kwa namba za Kirumi: "Kidato cha IV" husikika kama herufi mbili zisizo na maana, na mtoto hajui kama ni kidato cha ngapi.

Vichwa vya habari. Ukikoleza wino tu, anayeona ataona kichwa, ila programu haioni chochote. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word. Hapo mwanafunzi wa NVDA anayesoma hati kwa hali ya kuvinjari (browse mode) anabonyeza H na kuruka kutoka mada hadi mada. Bila hivyo, kutafuta sura ya 7 kunamlazimu kusikiliza sura sita.

Mistari ya kujaza. Zile nukta nyingi au mistari ya "________" husomwa "mstari wa chini, mstari wa chini" mpaka mtu achoke. Andika neno "nafasi".

Kitabu kipo cha karatasi pekee. Nakigeuzaje?

Kwanza uliza kama nakala tete (faili la kompyuta) ipo. Vitabu vya kiada hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na barua ya shule ikiomba faili kwa ajili ya wanafunzi wasioona inaweza kukuokoa wiki nzima za kazi. Kuhusu hakimiliki, Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013, unaolenga kuruhusu vitabu kugeuzwa kwa ajili ya wasioona bila kumwomba mwandishi ruhusa ya kila nakala. Walengwa ni wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Haufungui mlango wa kuuza nakala hizo mtaani, na ni vizuri kazi ifanyike kwa jina la shule au taasisi inayowahudumia.

Faili lisipopatikana, skani. Weka nukta 300 kwa inchi, rangi ya kijivu, ukurasa mmoja kwa picha. Kupiga kwa simu kunawezekana kama kitabu kimelazwa sawasawa na mwanga unatoka pande mbili. Kivuli cha mkono na mkunjo wa katikati ndivyo vinavyozaa makosa mengi. Tesseract, programu ya bure ya kutambua herufi, ina data ya Kiswahili kwa jina la "swa". Usipoichagua itatumia Kiingereza na kukuletea takataka.

Kisha kuna kusahihisha, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. "rn" inakuwa "m", "l" inakuwa "1", jedwali linayeyuka na kuwa sentensi moja. Usisahihishe kwa macho peke yake. Fungua faili na ulisikilize kwa NVDA huku umeshika kitabu. Sikio hukamata kosa ambalo jicho limelizoea. Mwalimu asiyeona akipatikana kwa kazi hii, mlipe kama mhariri, maana ndiye anayejua nini kinamkwaza msomaji.

Je, vitabu vya sauti vinaweza kuchukua nafasi ya nukta nundu?

Hapana. Mtoto anayesikiliza tu hajui "dhambi" na "thamani" zinaanza na herufi gani, hajui aya inaanzia wapi, na siku ya mtihani wa imla anakwama. Sauti ni kwa wingi wa kusoma, nukta nundu ni kwa kujua kusoma. Mbunifu anayekwenda shuleni kusema kwamba nukta nundu zimepitwa na wakati anafanya madhara, na walimu wana haki ya kumkataa.

Ila nukta nundu ni ghali na ni nzito. Ukurasa wa mashine ya Perkins, ya kuchapia nukta nundu, huchukua hadi mistari 25 ya herufi 42, nafasi zikihesabiwa humo. Ukurasa wa kitabu wenye herufi 2,500 hugeuka karatasi mbili na nusu hadi tatu. Kitabu cha kurasa 150 kinakuwa karatasi zaidi ya 375, yaani majalada matano ambayo mtoto wa darasa la nne hawezi kuyabeba kwa pamoja. Karatasi nayo inataka uzito wa gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Ile ya kawaida ya fotokopi ya gramu 80 hutoboka, na nukta zikisomwa mara chache hulala.

Tunataka kutengeneza kicheza vitabu cha vitufe, kisicho na skrini. Tunahitaji nini?

Hili ni wazo zuri kwa wadogo na kwa shule ambako simu haziruhusiwi bwenini. Muundo ufuatao hauna ajabu yoyote, na ndiyo sababu unatengenezeka hapa hapa:

- moduli moja ya DFPlayer Mini, inayocheza mafaili ya MP3
- Arduino Pro Mini ya volti 3.3, ubao mdogo unaopokea vitufe na kuiamuru DFPlayer
- memori kadi ya GB 16 au 32, iliyofomatiwa FAT32
- spika ya omu 8, wati 2 au 3
- betri moja ya lithiamu ya aina ya 18650 na kishikio chake
- moduli ya kuchajia ya TP4056 yenye ulinzi (ile yenye sehemu za OUT+ na OUT-, si ile ya B+ na B- pekee)
- vitufe vikubwa sita na swichi moja ya kusukuma upande kwa upande
- rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ya mikrofaradi 470

Rezista inakaa kwenye waya unaotoka Arduino kwenda RX (mguu wa kupokea amri) ya DFPlayer; ukiiacha, spika hutoa mlio wa chinichini usiokoma. Kapasita inakaa karibu kabisa na miguu ya umeme ya DFPlayer. Bila hiyo, sauti ikipanda ghafla umeme hushuka na kifaa hujiwasha upya katikati ya somo, tatizo ambalo vijana huhangaika nalo wakidhani ni programu.

Spika unaiunga kwenye SPK1 na SPK2. Usiunge soketi ya hedifoni hapo. Miguu hiyo haina upande wa chini (ground) wa pamoja, na hedifoni za kawaida zinaweza kuiunguza moduli. Hedifoni zitoke kwenye DAC_L, DAC_R na GND.

Mafaili yakae kwenye folda za 01 hadi 99, na ndani yake 001.mp3 hadi 255.mp3. Kila folda kitabu kimoja, na faili la 001 litaje jina la kitabu na darasa. Katika programu yako, iamuru DFPlayer kwa namba ya folda na faili. Ukiiacha icheze "linalofuata" tu, hufuata mpangilio wa jinsi mafaili yalivyonakiliwa kwenye kadi, na sura ya 9 inaweza kutangulia ya 2. Aliyenakili kwa kompyuta ya Mac afute mafaili yaliyofichika yanayoanza na "._", kwani nayo huhesabiwa.

Jambo ambalo hubadilisha kazi nzima ya kurekodi: DFPlayer haiwezi kuruka hadi katikati ya faili. Betri ikiisha dakika ya 40 ya faili la saa moja, mtoto anarudi mwanzo. Kwa hiyo kata sura katika vipande vya dakika 5 hivi, kwenye mwisho wa aya. Hifadhi namba ya faili kwenye EEPROM ya Arduino, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kila faili linapobadilika. EEPROM hiyo imekadiriwa kuandikwa mara 100,000. Kwa vipande vya dakika 5 na saa 5 za kusikiliza kwa siku unaandika mara 60, na itadumu miaka zaidi ya minne. Aliyeandika programu ya kuhifadhi kila sekunde anaimaliza chini ya wiki moja.

Rekodi ya MP3 ya mono kwa kilobiti 64 inachukua takriban MB 29 kwa saa, hivyo kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa 1,000. Nafasi haitakuwa shida yako. Shida yako itakuwa nani wa kusoma vitabu hivyo kwa sauti, na kwa ubora gani. Rekodi alfajiri kabla upepo wa Dodoma haujaanza kupiga mabati, simu iwe sentimita 15 kutoka mdomoni na pembeni kidogo, na taja namba ya ukurasa kila unapoanza mpya ili mwanafunzi aende sambamba na mwalimu anayesema "fungueni ukurasa wa 34".

Vitufe vipangwe vipi?

Viwe na maumbo tofauti, viachane angalau milimita 15, na kimoja kiwe na alama ya mguso ili mkono ujue ulipo. Swichi ya kuwasha iwe ya kusukuma upande kwa upande, kwa sababu kidole kinaihisi ikiwa imewaka au imezimwa. Taa ndogo nyekundu haimsaidii mtu hapa. Weka mlio mfupi badala yake.

Vifaa hivi huharibikia wapi zaidi?

Vumbi. Kuanzia Juni hadi Novemba vumbi la Dodoma huingia kila tundu, na soketi ya chaja ndiyo hufa kwanza. Weka soketi chini ya kasha au ubavuni, kamwe si juu, na uipe kifuniko cha mpira. Matundu ya spika yafunikwe kwa kitambaa chepesi kwa ndani.

Soketi ikilegea, kwa kawaida ni kwa sababu inashikiliwa na lehemu pekee. Mtoto anasukuma waya kwa kuupapasa, na nguvu yote inaishia kwenye ubao. Ifunge kwenye kasha kwa skrubu au gundi ya epoksi.

Memori kadi bandia ni balaa jingine. Imeandikwa GB 32, ndani ina 4, na inakubali kunakili zote bila kulalamika. Jaza kila kadi mpya na uisome tena yote kabla ya kuikabidhi.

Betri zisichajiwe juani wala chini ya bati la moto. Zaidi ya nyuzi 45 za Selsiasi zinaharibika na zinaweza kuwaka. TP4056 nayo hutegemea mkondo kushuka ili ijue betri imejaa, kwa hiyo kifaa kikichezeshwa muda wote kiko kwenye chaja, moduli haimalizi kazi yake na betri huchoka mapema. Wafundishe wanafunzi kuzima kabla ya kuchaji. Kwa betri ya mAh 2,500 zinatosha saa tatu hivi.

Na hisabati, ramani, michoro ya baiolojia?

Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapopotezwa zaidi. Milinganyo iliyowekwa kama picha haisomeki kabisa. Ikiandikwa kwa MathML, lugha ya kompyuta ya kuandikia hisabati, NVDA ikisaidiwa na programu ya nyongeza ya MathCAT inaweza kuisoma na kumruhusu mwanafunzi kuipitia kipande kwa kipande.

Michoro inahitaji vidole. Uzi wa katani uliogandishwa kwa gundi kwenye kadi ngumu hutoa mstari mzuri. Mchanga uliochekechwa hutoa eneo. Mbegu za mtama huwa alama za miji. Ondoa mapambo. Ramani ya Tanzania yenye mikoa, mito, reli na mbuga kwa pamoja vidoleni ni vurugu tupu, igawe iwe ramani nne.

Mwenye printa ya 3D achape vibao vya nukta nundu vikiwa vimesimama wima, maana nukta zikichapwa kibao kimelala hubaki na ngazi zinazokwaruza kidole. Kimo cha nukta ni kama nusu milimita, na umbali kati ya nukta za herufi moja ni milimita 2.5. Usivikuze ili "vionekane vizuri": herufi ikizidi ncha ya kidole haisomeki. Plastiki ya PLA hulainika karibu na nyuzi 60, kwa hiyo usiache kazi yako ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Wanafunzi wenye uoni hafifu, wakiwamo wenye ualbino, wanahitaji vifaa hivi hivi?

Si lazima. Wengi husoma wino ukikuzwa. Wape maandishi ya ukubwa wa 18 hadi 24, ya herufi zisizo na vimikia vya mapambo, karatasi isiyong'aa, na uwezo wa kugeuza skrini iwe nyeusi yenye herufi nyeupe. Kiti mbali na dirisha lenye jua, na ruhusa ya kusogea hadi ubaoni, hugharimu sifuri. Muulize mwanafunzi mwenyewe ukubwa unaomfaa, kwani hata wawili wa darasa moja hawalingani.

Tunajaribuje kifaa bila kuwasumbua watoto?

Kwa idhini ya shule na ya mzazi au mlezi. Mpe mwanafunzi kazi halisi, kwa mfano "tafuta somo la tatu la Maarifa ya Jamii", kisha nyamaza. Usimshike mkono kumwonyesha kitufe. Akikosea mara mbili mahali pale pale, kitufe kiko mahali pabaya. Watoto wa kwetu wana adabu na watasema "ni kizuri, mwalimu" hata kama hawakukielewa, kwa hiyo amini unachokiona kuliko sifa unazopewa. Rudia jaribio kwa kifaa kilekile baada ya wiki mbili, uone wangapi bado wanakitumia bila kuagizwa.

Mkirekodi sauti au majina yao, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu. Kusanyeni kidogo, na mfute mkimaliza.

Tusajili nini, na fedha zitoke wapi?

Kama mnauza, sajilini jina la biashara au kampuni BRELA, kisha mchukue TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA. Kama hamgawani faida, angalieni usajili wa shirika lisilo la kiserikali. Msikimbilie shirika kwa sababu ya ruzuku. Shule na halmashauri zinaweza kununua kutoka kwa kampuni.

Mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Ni mkopo, hivyo pelekeni hesabu ya mauzo. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, hufadhili ubunifu, na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, huwakutanisha wabunifu na wizara. Chama cha Wasioona Tanzania mkishirikisheni tangu mwanzo, kwa nafasi ya uamuzi, si kwa picha ya ufunguzi.

Tukikabidhi vifaa 20, tuandae nini cha ziada?

Vitengenezeni 22, viwili vibaki ofisini kwa mwalimu mkuu kama akiba. Ongezeni betri nne, kadi tano zilizokwisha kupakiwa vitabu, soketi kumi na waya kumi za chaja. Fundisheni watu wawili shuleni, kwa sababu mwalimu mmoja akihamishwa, na huhamishwa, ujuzi unaondoka naye. Mwongozo uwe wa nukta nundu na wa sauti, uliomo ndani ya folda ya 01 ya kila kifaa. Tafuteni pia fundi wa simu aliye karibu, Chamwino au Kongwa au popote shule ilipo, mwonyesheni namna ya kubadili soketi, na mwandikieni kwenye kifuniko cha ndani cha kasha aina ya kila kipuri. Bei ya kifaa mnayoipelekea halmashauri iwe na vyote hivi ndani yake.